Bunduki Ipi Inamfaa Mfugaji Mdogo wa Ruaha Mbuyuni?

Na Mwandishi Wetu, Kilolo

Kwa msafiri atokaye Morogoro kuelekea Iringa, Ruaha Mbuyuni ni mahali pa kununua vitunguu na kupumzisha injini kabla ya kuukabili Mlima Kitonga. Kwa wakazi wake ni ukanda mwembamba wa mashamba ya umwagiliaji uliobanwa kati ya Mto Ruaha Mkuu, Barabara Kuu ya Tanzania–Zambia na vilima vya mibuyu vinavyopanda kuelekea safu za Udzungwa. Kaya nyingi hulima vitunguu, nyanya na mahindi, na nyuma ya nyumba huwapo zizi la mbuzi wachache na banda la kuku. Bei ya vitunguu inapoanguka, mbuzi ndiye anayelipa mahitaji ya shule na matibabu. Ndiyo maana zizi linapokutwa asubuhi limevunjwa, swali la kwanza la mwenye mbuzi huwa ni la bunduki: anunue ipi, na ataipataje kwa njia halali.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Kwa mfugaji mdogo wa bonde hili, silaha inayofaa, akikidhi masharti ya kuimiliki, ni shotigani ya kawaida ya namba 12. Raifo yenye nguvu haimfai, kwa sababu zitakazoelezwa. Aidha, wanyama anaowahofia zaidi, yaani chui, simba na makundi ya fisi, si wa kukabiliwa na mwananchi peke yake gizani, hata awe na silaha ya namna gani.

Mjue kwanza aliyekuja

Hakuna ushauri wa silaha unaoweza kutolewa kabla ya kujulikana mnyama aliyefanya uharibifu. Wilaya ya Kilolo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na upande wa mashariki wa bonde iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wanyama hawasomi mabango ya mipaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara katika mabanda ya kuku haisababishwi na wanyama wakubwa. Husababishwa na kanu, kicheche, nguchiro, nyegere, kenge na mwewe. Kanu hupenya kwenye tundu ambalo mwenye banda aliliona dogo mno kuwa na madhara. Nyegere huchimba au hubomoa. Kenge hufuata mayai na vifaranga, na huonekana zaidi kwa wanaoishi karibu na mto au mifereji. Nyani nao, ambao wengi huwafahamu kama waharibifu wa mahindi, hukamata kuku na hata watoto wa mbuzi wanapoachwa bila mchungaji.

Zizini, nyayo ndizo zinazosema. Wayo wa fisi una vidole vinne na alama za kucha huonekana mbele yake. Chui huficha kucha zake, hivyo wayo wake ni wa mviringo na hauna alama hizo. Chui huruka ua, humbana mnyama kooni na mara nyingi huondoka naye, akimburuta kuelekea kwenye vichaka au mawe. Fisi hupita chini ya ua au kwenye mlango dhaifu, hula mpaka mifupa, na choo chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa hiyo. Mbuzi wakikutwa wengi wamejeruhiwa miguu ya nyuma na mapaja, huku nyama iliyoliwa ikiwa kidogo, mwenye mifugo aanze kwa kuchunguza mbwa wa kijijini kabla ya kuilaumu hifadhi. Hili la mbwa huwaudhi wengi, lakini hutokea, na kesi yake humalizwa katika ofisi ya kijiji bila risasi hata moja.

Funika wayo mmoja au miwili kwa beseni au sufuria ili isikanyagwe na mifugo, kisha mwite askari wa wanyamapori wa kijiji au Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Ushahidi huo utahitajika pia baadaye katika madai ya kifuta jasho.

Bunduki na kazi zake

Bunduki za kiraia zinazozungumzwa katika suala hili ni za namna tatu.

Ya kwanza ni raifo ndogo ya kipenyo cha .22, yaani takriban milimita 5.6. Haina mshindo mkubwa, haimsukumi mpigaji, na risasi zake ni nyepesi. Katika nchi nyingi ndiyo inayotumiwa na wakulima dhidi ya wanyama wadogo. Udogo wake umewadanganya wengi. Risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu kabla ya kuanguka, na ina tabia mbaya ya kudunda inapogonga jiwe au uso wa maji. Mtu anayemlenga kenge aliyetulia kwenye ukingo wa Ruaha Mkuu anaweza kumkosa kenge na kumpata mtu anayemwagilia vitunguu ng'ambo ya pili. Kwa fisi, risasi hiyo ni ya kumjeruhi tu.

Ya pili ni shotigani. Mtutu wake hauna mifereji ndani, na badala ya risasi moja hurusha marisau, yaani vipira vidogo vingi vinavyotawanyika kadiri vinavyokwenda. Katika risasi hizo, namba ikiwa kubwa vipira huwa vidogo: namba 6 na 7 ni za ndege na wanyama wadogo, ilhali zilizoandikwa SG na SSG zina vipira vichache vikubwa. Shotigani ya namba 12 hufanya kazi kwa uhakika katika umbali wa hadi mita 35 hivi. Zaidi ya hapo marisau huwa yametawanyika mno, na mnyama hujeruhiwa badala ya kufa. Ufupi huo wa masafa ndio unaoifanya ifae mahali penye nyumba, maana marisau madogo hupoteza nguvu na kuanguka ndani ya mita mia chache. Vipira vikubwa vya SSG huenda mbali zaidi ya hayo na vinahitaji tahadhari ile ile ya raifo. Kwa kicheche au nyegere bandani, kwa mwewe anayerudia vifaranga, au kwa mlio wa kuwatawanya nyani, hakuna silaha nyingine inayomshinda huyu mzee wa kazi.

Ya tatu ni raifo kubwa. Kipenyo cha .375, takriban milimita 9.5, ndicho kiwango cha chini kinachokubalika katika uwindaji wa wanyama hatari nchini, na pamoja na .458 ni silaha zilizozoeleka kwa wawindaji wa kitaalamu na askari wa wanyamapori katika Afrika Mashariki. Zina kazi yake. Lakini raifo za aina hii, na hata zile za kati za kuwindia swala, hupeleka risasi kilometa kadhaa. Simama katikati ya Ruaha Mbuyuni utazame pande zote: kaskazini mto na mashamba, kusini mlima wenye mawe na nyumba zilizojibanza chini yake, katikati barabara isiyolala, yenye malori ya Zambia na Kongo na mabasi ya abiria. Hakuna upande ambao mtu anaweza kupiga risasi ya masafa marefu usiku na kuwa na hakika itakapoishia. Udongo wa mteremko ulio karibu nyuma ya mnyama ndio kinga pekee, nao hauonekani kwa tochi.

Bunduki zinazojipakia risasi na kufyatua mfululizo si za raia, na hazina nafasi katika mjadala huu.

Kwa hiyo mfugaji aliye tayari kununua atazame vitu vya kawaida. Shotigani ya mitutu miwili, inayokunjwa katikati ili kupakia, ni rahisi kuiona kama ina risasi au haina. Mtu yeyote anayeikuta imekunjwa anajua ni salama. Kitako kilingane na urefu wa mkono wa mwenyewe, maana bunduki inayompita mpigaji humpiga yeye kwanza. Usalama wa kifyatulio ujaribiwe na fundi aliyesajiliwa, na mitutu ikaguliwe ndani kama ina kutu au imebonyea. Bunduki kuukuu ya bei nafuu yenye mtutu uliooza si nafuu. Darubini haihitajiki katika umbali wa mita 30; taa nzuri inayoshikwa na mtu wa pili ina faida zaidi.

Chui na fisi si wa kupigwa na kila mwenye bunduki

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyamapori ili kuokoa maisha au mali yake, mifugo ikiwamo. Utetezi huo una mipaka. Haumhusu aliyemchokoza mnyama, wala aliyemfuata hifadhini kulipiza kisasi siku ya pili. Mnyama akishauawa, taarifa itolewe mapema kwa ofisi ya wanyamapori, na ngozi, meno na kucha zake ni nyara za Serikali. Wapo walioanza wakiwa na haki ya kujitetea, wakamalizia mahakamani kwa sababu ngozi ya chui ilikutwa darini.

Zaidi ya sheria kuna suala la uhai. Fisi mkubwa ana uzito wa kilo 50 hadi 70, na taya zake huvunja mfupa wa ng'ombe. Chui aliyejeruhiwa hakimbii mbali; hulala kwenye majani akimsubiri anayefuata damu. Wataalamu wenye uzoefu huingia kwa tahadhari kubwa katika hali hiyo, wakiwa zaidi ya mmoja. Mfugaji aliyempiga chui kwa shotigani kutoka mita 50 huwa amewaongezea wanakijiji tatizo jipya ambalo jana halikuwapo.

Mbwa mwitu, ambaye idadi yake ni ndogo barani Afrika, asipigwe kabisa kwa kudhaniwa kuwa ni mbwa koko. Uangalifu kama huo unahitajika kwa jamii ya nyani na kima. Katika misitu ya Udzungwa wanaishi wanyama wasiopatikana kwingine duniani nje ya Tanzania, akiwamo kipunji wa msitu wa Ndundulu, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2005 tu.

Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu yake kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1930 na 1940 simba wala watu waliitesa Njombe kwa muda mrefu. Masimulizi hutaja vifo vipatavyo 1,500. Mauaji yalikoma mwaka 1947 baada ya George Rushby, ofisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni, pamoja na askari wake kuwaua simba 15. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima ya watu waliofunzwa, waliopangwa na waliokuwa na silaha kubwa. Rushby mwenyewe alihusisha chanzo na mpango wa serikali hiyo wa kuua wanyama wa porini ili kuzuia sotoka isienee kusini, uliowaacha simba bila mawindo yao ya kawaida. Pahali palipokosa swala, simba walijifunza njia ya kijijini.

Gobole na sumu

Gobole bado limo katika baadhi ya nyumba za vijijini, mara nyingi likiwa la urithi. Silaha iliyotengenezwa kienyeji na isiyo na leseni ni kosa kisheria, na kwa kazi ya kulinda zizi ni mbaya kuliko zote. Hupasuka mkononi, hutoa risasi moja kisha humwacha mpigaji mikono mitupu mbele ya mnyama aliyekasirika, na hakuna anayejua vipande vya chuma vilivyoshindiliwa vitaelekea wapi. Mwenye nalo alikabidhi kituo cha polisi au kwa viongozi wa kijiji.

Kuhusu sumu, iwe ya mashambani au ya panya, inayopakwa kwenye mzoga: ni marufuku, na haimchagui anayekula. Mwezi Februari 2018 simba sita na tai wengi walikufa kwa sumu katika eneo la Ruaha. Tai wakitoweka, mizoga hubaki, na inayovutwa na mizoga hiyo ni fisi na mbwa wenye kichaa. Mfugaji aliyeumwa au kukwaruzwa na kicheche, mbweha, fisi au mbwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Taratibu za kumiliki silaha

Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 chini ya Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, mwenye akili timamu, asiye mlevi wala mtumiaji wa dawa za kulevya, na asiye na historia ya makosa ya jinai inayomwondolea sifa. Anatakiwa pia kuthibitisha kuwa ana ujuzi wa kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia kijijini, ambako viongozi na kamati ya ulinzi na usalama wanamfahamu mwombaji, kisha hupanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa kabla ya kumfikia Msajili. Njia hiyo ni ndefu, na wananchi huilalamikia. Urefu wake una maana: jirani anayejua kwamba fulani hupiga mke wake hupata nafasi ya kusema kabla fulani hajapewa bunduki.

Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Baba mwenye leseni hawezi kumwachia kijana wake silaha alinde zizi yeye akiwa gulioni, wala kumwazima jirani aliyevamiwa. Silaha itunzwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na risasi zake. Ikipotea au kuibwa, polisi wajulishwe mara moja, na mmiliki akifariki warithi waikabidhi kituoni wakati taratibu za mirathi zikiendelea.

Kinachookoa mbuzi usiku

Mwenye kuhesabu gharama ya bunduki, sanduku la chuma, risasi, leseni na safari za kufuatilia, na ahesabu pia gharama ya zizi. Fisi huja usiku mwenye mbuzi akiwa amelala. Bunduki iliyofungiwa kabatini, kama sheria inavyotaka, inahitaji dakika kadhaa hadi iwe tayari. Fisi hazihitaji zote.

Katika tarafa za Pawaga na Idodi, Wilaya ya Iringa, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Mradi wa Wanyama Walanyama wa Ruaha ulioanza mwaka 2009 umesaidia wafugaji kujenga mazizi ya wavu wa chuma kwa kuchangia gharama na kaya zenyewe, na mashambulizi ndani ya mazizi hayo yamepungua sana. Kinachoangusha ua wa miiba mara nyingi ni mbuzi wenyewe: wakinusa fisi hutaharuki, husukumana na kuuvunja kutoka ndani, kisha hukamatwa mmoja mmoja nje. Wavu huwazuia wasitoke na huwazuia walanyama wasiingie.

Kwa Ruaha Mbuyuni, ambako mawe hayanunuliwi, wavu wenye urefu wa karibu mita mbili uanzie kwenye msingi wa mawe au ufukiwe sentimeta 30 ardhini ili fisi asichimbe. Palipo na chui, zizi liezekwe au lifunikwe kwa wavu huo huo. Mlango ndio udhaifu wa mazizi mengi: uwe wa mbao nzito au bati lenye fremu, usioacha nafasi ya kupitisha kichwa. Banda la kuku liinuliwe kutoka ardhini na matundu yake yasipitishe hata ngumi ya mtoto. Mbwa wawili wanaobweka, waliochanjwa, hutoa taarifa mapema kuliko kifaa chochote.

Mnyama hatari anaporudiarudia, ofisi ya kijiji ipeleke taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, naye huwasiliana na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), kulingana na eneo. Askari hufika na mabomu baridi ya kufukuzia na, inapolazimu, na silaha za kazi hiyo.

Madai ya mifugo iliyouawa huanzia hapo hapo. Kanuni za mwaka 2011 zinaita malipo hayo kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kupoteza ndugu, kifuta machozi. Hazikuyaita fidia, na mdai asitarajie thamani kamili ya mbuzi wake. Huwahusu wanyama walioorodheshwa kuwa hatari, hivyo kuku walioliwa na kicheche hawamo. Mifugo iliyoliwa ikichungwa ndani ya hifadhi haimo pia. Mdai atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji kabla nyayo hazijafutika na mzoga haujaondolewa, ajaze fomu akiwa na mashahidi, na amwombe Afisa Wanyamapori amwoneshe jedwali la viwango vinavyotumika siku hiyo.